Mwombaji wa Taifa

Bi Tausi, muuza vitumbua wa nyumba ya tatu, aliapa mbele ya mtaa mzima kwamba serikali imenunua mashine yenye kiburi. Eti ilipochomekwa tu kwenye umeme pale Wizara ya Maunganisho, ilikohoa, ikawatazama wakubwa waliokaa mbele yake, ikasema, "Haya, nani ananiamkia?" Eti wakubwa wakaangaliana, asifungue mtu kinywa, na mashine ikasusa. Mpaka leo imesusa.

"Na nimeambiwa na mtu aliyekuwepo," akamalizia Bi Tausi, huku akigeuza kitumbua kwa kijiti.

Siwema alipokea vitumbua vyake vinne, akalipa. Mtu aliyekuwepo alikuwa yeye. Ndiye mhudumu wa chai wa wizara ile, ndiye aliyebeba sinia siku hiyo, na mashine haikutamka neno. Walionyamaza ni wakubwa tu. Lakini alipoyapima yaliyotokea na haya ya Bi Tausi, aliona ya Bi Tausi yana nafuu. Angalau yana akili kidogo ndani yake.

Nchi yenyewe tusiitaje jina, kwa kuwa jina bado liko mbele ya kamati, na kamati imesafiri kwenda kujifunza. Itoshe kusema ni nchi ya adabu. Mdogo humwamkia mkubwa, mkubwa akaitikia, na hilo hata sisi tunalijua. Wenzetu wale walipiga hatua zaidi: waliamua na ofisi nazo ziamkiane. Ofisi ndogo ikiwa na swali kwa ofisi kubwa, sharti itangulize shikamoo yenye muhuri, na ofisi kubwa itaitikia marahaba kwa barua ndani ya siku ishirini na moja za kazi. Anayeamkia ndiye anayeuliza, anayeamkiwa ndiye anayejibu. Sheria safi kabisa. Kasoro yake moja tu: ofisi kuu za nchi ile ni thelathini na moja, na zote ni kubwa. Ndogo haipo. Orodha ya nani amtangulie nani imechapishwa mara tisa, na kila ikitoka, ofisi iliyowekwa ya mwisho hununua nakala zote kabla ya saa mbili asubuhi, ikazichoma.

Kwa hiyo tangu nchi ipate bendera, hakuna ofisi iliyowahi kuiuliza nyingine kitu. Aliyebeba maswali na majibu ni mwananchi, kwa miguu yake, karatasi kwapani, dirisha hadi dirisha, shikamoo, shikamoo. Yeye haikumsumbua. Mwananchi ni mdogo kwa kila mtu.

Ndipo ikaja mashine, na jina lake Kiunganishi.

*

Siku ya uzinduzi Waziri wa Maunganisho, Mheshimiwa Tambarare, alisimama jukwaani suti ikimbana, akapaza sauti hadi kipaza sauti chenyewe kikalia.

"Kuanzia leo, ofisi zitaongea! Zitaongea zenyewe kwa zenyewe! Bila kuchoka, bila kwenda kunywa chai, bila kumwambia mtu arudi kesho! Na yeyote atakayekutwa amebeba karatasi kutoka ofisi moja kwenda nyingine, huyo anapingana na umeme!"

Watu wakapiga makofi. Waliokuwa na karatasi kwapani wakazikalia.

Kazi ya kuiwasha alipewa fundi mmoja mpole, Zefania, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kila ofisi ilitakiwa imletee faili mbili azisomeshe mashine: moja inaitwa skima, ya pili maelezo ya huduma. Wakubwa wote waliitikia kwa kichwa kama watu waliolelewa na skima nyumbani. Aliyeuliza ni Siwema, wakati akimmiminia fundi kikombe cha tatu.

"Kaka Zefania, samahani. Hiyo skima ndiyo nini?"

"Hebu niambie, dada, chai yako inataka nini mpaka iitwe chai?"

"Maji, majani, sukari. Na tangawizi, ikiwepo."

"Basi umeshaniandikia skima. Maji lazima, majani lazima, sukari lazima, tangawizi hiari. Mtu akikuletea sufuria ya maharage unamrudishia, unamwambia hii siyo chai. Mashine nayo inafanya hivyo hivyo. Na maelezo ya huduma ni ile karatasi uliyobandika mlango wa jikoni."

"Ile ya 'Chai saa nne, njoo na kikombe chako'?"

"Hiyo hiyo. Unaombwaje, na unatoa nini."

Siwema alichungulia kwenye skrini. Kila neno lilifunguliwa kwa alama na kufungwa kwa alama, na ndani yake neno jingine, nalo limefunguliwa na kufungwa. Sufuria ndani ya sufuria, kila moja na kifuniko chake. Alisoma mpaka darasa la saba, akaishia hapo, lakini vifuniko alivijua.

"Kimoja kikipotea?"

"Mashine inakataa jiko zima."

Faili zikaanza kuingizwa, na Siwema, aliyekuwa amesimama na birika nyuma ya fundi, akazisoma moja baada ya nyingine. Skima ya Ardhi ilidai kila ombi liwe na sehemu iitwayo *jina la unayemfahamu humu ndani*, na sehemu hiyo ni ya lazima. Ya Kilimo ilikuwa na *sifa za Waziri*, zisipungue moja, mwisho hauna. Ya Maji iliorodhesha majibu yanayokubalika, nayo ni matatu tu: "kesho", "fundi amesafiri", na "bomba limepasuka". Mashine ilizimeza zote bila kukunja uso, kwa maana haikuwekwa pale kuhukumu. Iliangalia vifuniko tu, na vifuniko vilikuwa kamili.

Faili ya mwisho ilipoingia, skrini kubwa ikaandika:

*Ofisi zinazojibu: 31. Ofisi zinazouliza: 0.*

"Thelathini na moja kwa sifuri!" akapiga kelele Mheshimiwa Tambarare. "Tumeshinda!"

Bendi ikaanza. Zefania alinyoosha mkono mpaka bendi ikachoka.

"Mheshimiwa, samahani. Ofisi zote zimeleta namna ya kujibu. Hakuna hata moja iliyoleta namna ya kuuliza. Sasa wote tumekaa tunasubiri kuulizwa."

Hapo ndipo palipotokea ule ukimya wa Bi Tausi.

Aliyeuvunja ni Daktari Pandauka, Mganga Mkuu. "Afya haiombi," alisema. "Afya inaombwa."

"Inaombwa na nani?" akadakia Bwana Lufufu, Msajili Mkuu wa Vizazi. Huyu Bwana Lufufu alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alikuwa nayo kwa mwaka wa nne sasa, kwa kuwa kule watu wanastaafu wakifika sitini na daftari la vizazi linakaa kwenye kabati lake. "Wewe mwenyewe, Pandauka, usingekuwa umezaliwa kama mimi nisingekuandika."

"Ungemwandika nani, na hospitali ndiyo iliyokutoa tumboni?"

"Tumesoma dawati moja. Nilikuwa nakunyoa!"

"Ulikuwa unaninyoa kwa sababu ulikuwa mdogo! Mkubwa ananyolewa! Lete daftari tuone nani alitangulia kuzaliwa."

"Daftari lipo," akasema Bwana Lufufu, akikunja mikono kifuani. "Mimi niko tayari kujibu. Niulize."

Daktari Pandauka akachukua andazi kwenye sinia la Siwema, akalitafuna kama vile ndilo lililomtukana.

*

Wakati wakubwa wanatafuna maandazi, mama yake Siwema alikuwa anapotelewa na macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba yote mawili. Bi Mwanaheri aliijua nyumba yake kwa vidole, na binti yake kwa harufu ya tangawizi. Sasa Hospitali Kuu walikuwa wamekuja mabingwa wa macho kutoka mbali, wa majuma mawili tu, wanaondoka Ijumaa saa kumi jioni. Upasuaji ni wa robo saa, na zamu hiyo ilikuwa ya wazee wa miaka sitini na kuendelea.

Muuguzi wa dirishani alimtazama Bi Mwanaheri: mvi, mgongo, mkongojo, meno mawili.

"Umri?"

"Nilizaliwa mwaka wa nzige, mwanangu. Wale nzige wa kwanza, siyo hawa wa juzi."

"Nzige hawamo kwenye skima, bibi. Umri lazima utoke kwa Msajili, uje kwenye mashine."

"Basi muulizeni," akasema Siwema.

Muuguzi alishtuka, akaangalia nyuma kama kuna mtu amesikia. "Sisi? Dada, sisi hatuulizi. Sisi tunajibu."

"Nikimwendea mimi Msajili, nikaja na karatasi yake?"

"Unataka kupingana na umeme?"

Njiani kurudi, Bi Mwanaheri alicheka peke yake.

"Msajili si ndiye Lufufu? Lufufu wa mama Shida? Huyo nimembeba mgongoni nikienda kisimani, msichana mkubwa mimi, naye hajajua kutembea. Alinikojolea kanga mbili. Leo hajui umri wangu?"

"Anajua, mama. Hajaulizwa."

"Basi muulize wewe. Kuuliza kuna uzito gani?"

Siwema akasema atauliza.

*

Jumatatu wakubwa walikutana kunusuru mashine. Mmoja alipendekeza ofisi zote ziulize kwa pamoja, kwa sauti moja, ili asijulikane aliyeanza. Mwingine alitaka nchi ikope ofisi ndogo kutoka kwa jirani. Zefania alikuwa ameacha kunyoosha mkono. Alikuwa anafuta miwani tu.

Mlango ukafunguka, Siwema akaingia na sinia.

"Shikamoo Mheshimiwa. Shikamoo Daktari. Shikamoo mzee Lufufu. Shikamooni wote huko nyuma."

"Marahaba," wakaitikia wote kwa pamoja, kila mmoja akiamini ameitikia wa kwanza.

Mheshimiwa Tambarare akasimama polepole, kidole juu, kama mtu aliyemwona panya na hataki kumshtua.

"Huyu," alisema. "Huyu ameamkia ofisi thelathini na moja kwa dakika moja. Na wala hakuona haya! Binti, kwa siku unaamkia mara ngapi?"

"Kabla ya saa nne, Mheshimiwa? Mia na kitu. Baada ya hapo sihesabu."

Ikapitishwa bila kupingwa. Ofisi ikiwa na swali, itamwachia Siwema, naye ndiye atakayeuliza, kwa hiyo hakuna ofisi itakayokuwa imeamkia nyingine. Zefania akamwandikia faili zake mbili siku hiyo hiyo. Skima ya ombi lake ilikuwa na sufuria tatu: *shikamoo*, isipungue moja, *swali*, *asante*. Ikatiwa mihuri thelathini na moja. Akaapishwa kwa cheo cha Mwombaji wa Taifa, akaambiwa maswali yafuate foleni, na chai asiiache.

"Kumbe umekuwa ombaomba wa serikali!" Bi Tausi alimkaribisha mtaani. "Nikuwekee kopo?"

"Weka vitumbua vinne, Bi Tausi. Kopo ninalo."

Basi mashine ikaamka. Siwema alibofya, Ardhi ikaijibu Maji. Akabofya, Maji ikajibu kesho. Bandari ikajua kwa mara ya kwanza kwamba reli iko wapi. Wizara ya Ulinzi, iliyokuwa inajiandaa kuvamiwa na jeshi lililoonekana kilimani miaka sita nyuma, iliuliza Misitu, ikajibiwa kwamba ile ni mikaratusi. Magazeti yakaandika kwamba nchi inaongea.

Siwema alilisubiri swali lake. Alikuwa mtu wa kusubiri. Maji hayachemki kwa kutazamwa kwa hasira. Alijua Afya italileta, kwa kuwa jina la mama yake lilikuwa dirishani. Lakini maswali ya Afya kwa Msajili yalikuwa yamepangwa na Daktari Pandauka mwenyewe. La kwanza: *Shikamoo. Bwana Lufufu alizaliwa lini? Asante.* Jibu likarudi: *Kabla yako.* La pili: *Kabla kwa muda gani?* Jibu: *Wa kutosha.* La tatu, la nne, la mia mbili, ni hayo hayo kwa maneno mengine. Alhamisi mchana Siwema alishuka na kidole kwenye foleni mpaka akalikuta: *Bi Mwanaheri binti Sefu, ana umri gani?* Namba mia sita na kumi na mbili.

Akapiga hesabu. Akibofya bila kula, Ijumaa asubuhi atalifikia. Akabofya bila kula.

*

Lakini Alhamisi hiyo hiyo jioni Mtukufu Rais alisoma gazeti. Akafurahi, kisha akakasirika. Mtu anayeiamkia serikali nzima, alisema, hawezi kuwa mtu wa chini, maana itakuwa serikali nzima inaamkiwa na mtu wa chini, na hiyo ni aibu. Akatia saini. Kesho yake asubuhi Siwema alikuta kiti chake cha mbao kimeondolewa, kimewekwa kinachozunguka. Akavishwa mkanda wa rangi tatu begani. Akasomewa kwamba tangu sasa ni Mheshimiwa, cheo juu ya ofisi zote thelathini na moja, na kwamba Mheshimiwa Mwombaji hamwamkii mtu yeyote.

Alishukuru, akakaa, akazungushwa na kiti mara moja bila kutaka, akabofya namba mia sita na kumi na mbili.

*Ombi limekataliwa. Cheo cha mwombaji hakiruhusu shikamoo.*

Akaifuta shikamoo, akabofya.

*Ombi limekataliwa. Shikamoo inakosekana. Isipungue moja.*

"Kaka Zefania!"

Zefania alikuja, akasoma, akavua miwani.

"Lazima tubadilishe skima."

"Ibadilishe."

"Inataka ridhaa ya ofisi zote thelathini na moja. Ziombwe kwanza."

"Nitaziomba mimi."

"Kwa shikamoo ipi, Mheshimiwa?"

Kwenye skrini maandishi yalikuwa yanaporomoka kama mtama gunia likipasuka: ofisi zote, zilipopata habari ya cheo kipya, zilikuwa zinamwamkia Siwema. *Shikamoo Mheshimiwa Mwombaji. Shikamoo. Shikamoo.* Namba za juu zikageuka: *Ofisi zinazouliza: 31. Ofisi zinazojibu: 0.*

Mheshimiwa Tambarare alipita mlangoni, akaziona. "Matokeo yamegeuka," alisema kwa furaha. "Tumeshinda na mechi ya marudiano."

*

Saa tisa na nusu Siwema alivua mkanda wa rangi tatu, akaukunja vizuri, akauweka kitini. Akaingia jikoni, akachemsha maji, majani, sukari, na tangawizi, maana siku hiyo ilikuwepo. Akabeba sinia, akavuka ua kwenda kwa Msajili Mkuu. Hakuwa na karatasi. Alikuwa na chai, na chai haijakatazwa.

Bwana Lufufu alikuwa peke yake mezani, daftari kubwa la vizazi mbele yake. Alipoinua macho na kumwona, kiti kilianguka nyuma yake kwa jinsi alivyosimama.

"Shikamoo Mheshimiwa!"

"Shikamoo mzee Lufufu," akasema Siwema, wakati ule ule.

Bwana Lufufu akainamisha kichwa kidogo. Kuitikia shikamoo ya Mheshimiwa ni kosa la kufukuzwa kazi. Siwema naye akainamisha chake. Akiitikia, atakuwa yeye ndiye mkubwa, na mkubwa haulizi. Tena huyu ni mzee aliyebebwa na mama yake. Ulimi wenyewe ulikataa.

"Mheshimiwa, mbona unaniadhiri," alinong'ona Bwana Lufufu. "Itikia tu, yaishe."

"Mimi ni Siwema wa chai, mzee. Nimevua mkanda. Wewe ndiye uitikie."

"Mkanda unavuliwa, cheo hakivuliwi."

"Mzee Lufufu. Mama yangu ni Bi Mwanaheri binti Sefu. Anakukumbuka. Anasema alikubeba mgongoni ukimkojolea kanga."

Kitu kikapita usoni mwa Bwana Lufufu, kikamfanya kwa kitambo kidogo asiwe na cheo wala umri. Mkono wake ukatua juu ya daftari. Hakulifungua. Hakuhitaji kulifungua: aliyembeba lazima awe amemzidi, na akisema amemzidi kwa miaka mingapi, hata Siwema wa darasa la saba atatoa na kujumlisha, aone kwamba hamsini na tisa ilipita zamani.

"Mabingwa wanaondoka saa kumi," akasema Siwema. "Mama amekaa pale benchini tangu asubuhi, amevaa gauni la upasuaji. Muuguzi amesema jibu lako likifika kwenye mashine hata saa kumi kasoro dakika tano, wanamwingiza."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro kumi na tano. Chini uani gari la mabingwa lilipita kuelekea hospitali kuchukua masanduku.

Siwema aliweka kikombe mbele ya Bwana Lufufu, akakigeuza mpini umwelekee, kama alivyofanya kila siku. Kisha akapiga goti, la adabu kabisa, sinia likiwa kifuani.

"Shikamoo mzee wangu," alisema. "Naomba kuuliza. Mama yangu ana umri gani? Asante."

Bwana Lufufu alikitazama kikombe. Akaitazama saa. Akamtazama Siwema, macho yamemlowa. Kisha, polepole, kwa heshima zote za nchi ile, akashika ukingo wa meza, akajikunja, na yeye akapiga goti, akasema, "Shikamoo Mheshimiwa."